Uwanja Unazidi Kwenda Mbali

Kutoka Makongeni hadi City Stadium ni mwendo wa miguu. Unashika Jogoo Road ukielekea mjini, unapita Kaloleni, na kabla jasho halijaanza umefika getini. Babu yangu, ambaye alikuwa mtu wa reli, alitazama mpira pale miaka na miaka bila kutoa hata shilingi ya nauli. Uwanja wenyewe umebadilishwa majina mpaka wazee wanachanganyikiwa. Kuna wanaouita Donholm Road Stadium, kuna wanaokumbuka Jogoo Road Stadium, na siku hizi kwenye karatasi ni Joe Kadenge. Mtaani bado ni City. Majina yamehama, uwanja haujahama.

Viwanja vilivyofuata ndivyo vilivyohama. Nyayo ulifunguliwa 1983, na huo bado ungeweza kuufikia kwa miguu ukikata Lusaka Road, mradi una moyo. Kasarani ulikuja 1987, na kutoka kwetu ni matatu mbili: moja hadi tao, kisha utafute 17B. Sasa unajengwa Talanta, karibu na Ngong Road, upande wa pili kabisa wa jiji, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Ukichukua ramani ya Nairobi na kalamu, utaona kwamba kila uwanja mkubwa mpya umewekwa mbali zaidi na watu wa Jogoo Road, yaani mbali na wale wale waliojaza City tangu zamani.

Na umbali ni biashara. Mtu akihamisha mpira kilomita kumi na kitu kutoka mlangoni kwako, lazima atokee mwingine wa kukuuzia safari. Hapo ndipo wageni wanapoingia. Nchi ikipewa mashindano, kwenye balozi na mashirika ya biashara ya nje huandikwa zile karatasi nzuri za fursa: barabara, mabasi, reli, taa za trafiki, kadi za nauli, kamera. Sio siri na sio njama. Ni kazi yao. Swali langu ni letu sisi: tumekuwa tukinunua nini miaka hii yote, na baada ya filimbi ya mwisho tunabaki na nini mkononi?

Lazima nianze na mtaa, kwa sababu Makongeni yenyewe ilizaliwa na mradi wa uchukuzi. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika hapa kwenye kinamasi 1899, na jiji likaota kando yake. Shirika la reli lilihitaji watu wa kupaka mafuta, wa kuchochea makaa, wa kubadilisha njia za treni, na watu hao walihitaji mahali pa kulala. Muthurwa, Landhies, Makongeni: nyumba zetu zilikuja na reli kama mataruma yalivyokuja nayo. Hukununua nyumba, hukuimiliki. Ulipewa kwa sababu ya kazi. Hilo litarudi baadaye, kwa hivyo liweke mfukoni.

Basi la kwanza la maana lilikuja 1934. Kampuni ya Waingereza ilileta magari 13, na watu wakaiita OTC. Ukienda leo pale karibu na Race Course Road ukamwambia makanga akushushe OTC, atakushusha, na hatajua kwamba anataja kampuni ya London iliyokufa kitambo. Kutoka huko ikazaliwa Kenya Bus Service, KBS, ile ambayo wazazi wetu wanaitaja kwa sauti ya huzuni kidogo, kama mtu anayemkumbuka mwalimu mkali.

Mwaka wa kukumbuka hapa ni 1966. Uhuru una miaka mitatu. Jiji linakaa mezani na wenye KBS na kutia saini mkataba: kampuni ya kigeni ibaki na asilimia 75, Baraza la Jiji lichukue 25, na kwa kubadilishana KBS iwe ndiyo pekee yenye ruhusa ya kubeba watu kwa nauli mjini. Wengine wanaucheka mkataba ule. Mimi naona ulikuwa na akili kuliko mingi iliyokuja baadaye, kwa sababu angalau jiji lilipata kiti mezani. Asilimia 25 si nyingi, lakini ni hisa. Aliyekuwa na hisa aliweza kuuliza kwa nini basi halifiki Eastlands usiku.

Kasoro yake ilikuwa kwingine. Ukiwa na ruhusa ya peke yako, hulazimiki kumfuata mtu kule anakoishi. Jiji lilikua haraka kuliko mabasi, watu wakajenga mahali ambapo basi halikufika, na magari ya magendo yakaanza kubeba abiria kwa senti kumi mara tatu. Ndiyo asili ya jina matatu. Polisi waliyakamata, KBS ikalalamika, na 1973 Mzee Kenyatta akayaruhusu yabebe watu bila leseni ya uchukuzi wa umma. Yaani mkataba wa 1966 ulivunjwa na watu wa kawaida wenye pick-up mbovu. Ikiwa unatafuta ushindi wa mwananchi dhidi ya kampuni ya kigeni katika historia ya jiji hili, usiutafute kwenye vitabu vya siasa. Uko kwenye steji.

Sasa tuje kwenye michezo. Agosti 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika, ya nne tangu ianze. Hakuna mashindano makubwa ya michezo mingi kuliko hayo ambayo jiji hili limewahi kubeba. Kasarani ulijengwa kwa ajili yake, kwa msaada wa China, wakati ambapo mtu wa Makongeni akisikia neno Uchina alifikiria kung fu tu na pengine kikombe cha chai. Hebu fikiria: barabara ya juu kwa juu haikuwepo hata kwenye ndoto, SGR haikuwepo, lakini Wachina walikuwa tayari wameshamwaga zege Kasarani. Waliingia Nairobi kwa mlango wa michezo. Barabara zilifuata baadaye.

Mwaka mmoja kabla ya Michezo, 1986, serikali ilianzisha Nyayo Bus. Mabasi yake mengi yalitoka kwa wafadhili wa Ulaya, na walioyaendesha mwanzoni walikuwa watu wa NYS. Nauli yake ilikuwa nafuu, kwa hivyo watu waliyapenda. Ukiwauliza mama zetu watakwambia yalikuwa na heshima, hakuna kusukumana, hakuna muziki wa kupasua masikio. Mimi nawaamini. Lakini basi la msaada lina tatizo moja ambalo halionekani siku ya kukata utepe. Spea zake ziko kwao. Mafundi wa Kariobangi na Gikomba wanaweza kufanya miujiza na Isuzu au Nissan, kwa sababu spea zimejaa Kirinyaga Road. Basi la Ulaya lililokuja moja moja kama zawadi, kila kundi na aina yake, linasimama siku kifaa fulani kinapoharibika, na linabaki limesimama. Ongeza usimamizi wa kiserikali wa enzi zile, unajua ninachosema. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 Nyayo Bus ilikuwa imekufa.

Ile fainali ya mpira Kenya ilipoteza kwa Misri, moja bila. Wazee bado wanaizungumzia kama ajali ya jana.

Baada ya Michezo walibaki wawili: uwanja na matatu. KBS nayo ikauzwa. 1991 ilinunuliwa na Stagecoach, kampuni ya Uskoti iliyokuwa ikisaka masoko duniani, na 1998 Stagecoach ikafungasha, ikawauzia Wakenya. Miaka saba. Ni muda mfupi kuliko ule ambao mtoto wa enzi zile alihitaji kumaliza shule ya msingi. Nimesoma maelezo mengi kuhusu kwa nini waliondoka, mengi yanalaumu matatu, na si uongo. Matatu zilikuwa zinasubiri mbele ya basi na kuzoa abiria kwenye kila kituo. Lakini ukitazama kwa jicho la mtu wa Perth kule Uskoti, jambo ni rahisi zaidi: alikuja kwa faida, faida ikakonda, akaenda. Mgeni ana ruhusa ya kuondoka. Ni sisi tusio na pa kwenda.

Halafu tukaanza kupoteza mashindano yenyewe. Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996 lilikuwa letu, tukanyang'anywa kwa kutojiandaa, likaenda Afrika Kusini, na Afrika Kusini ikalitwaa. CHAN ya 2018 ilikuwa yetu, tukanyang'anywa Septemba 2017, ikaenda Morocco. Kila mara kuna watu walioshukuru kimyakimya kwamba angalau hatukutupa pesa. Mimi siko upande huo, ila naelewa. Tazama yaliyowapata wengine.

Cuiabá ni mji wa Brazil uliopewa mechi za Kombe la Dunia la 2014. Waliamua kujenga treni nyepesi ya mjini, wakaagiza mabehewa kutoka kampuni ya Hispania inayoitwa CAF. (Ndiyo, herufi zilezile za shirikisho letu la mpira. Hawana undugu.) Treni zilifika, zikiwa mpya, zinang'aa. Reli haikukamilika. Kombe likachezwa, Ujerumani ikachukua, wageni wakarudi kwao, na treni zikabaki zimepangwa uani mwaka baada ya mwaka. 2020 serikali ya jimbo ikaamua bora ijenge njia ya mabasi tu. Treni zilikuja kuuzwa kwa jimbo lingine, Bahia, 2024, miaka kumi baada ya mechi. Sasa niambie: katika hadithi hiyo, muuzaji alipoteza nini? Aliuza treni. Alilipwa kwa treni. Reli kutokukamilika halikuwa tatizo la kiwanda.

Doha ni hadithi nyingine, na ile inatugusa kwa njia ya pembeni. Kabla ya Kombe la Dunia la 2022, Qatar ilinunua kila kitu: metro iliyofunguliwa 2019 ikiwa na treni za Kijapani, mabasi ya Yutong kutoka China, mengi yakiwa ya umeme. Kitu kimoja tu hawakuweza kununua kiwandani, nacho ni mtu wa kushika usukani. Kijana mmoja wa Mbotela, jirani yetu hapa, alikuwa dereva wa namba 58 ya Buruburu, akapata kazi ya basi huko. Aliniambia kilichomshangaza si majengo. Ni kwamba basi likisimama kituoni linaondoka kwa saa yake hata likiwa tupu. "Buda, tupu kabisa," aliniambia, "na hakuna anayekupigia simu kukuuliza umeleta ngapi." Kwa hivyo sisi pia tuna tunachouza kwenye mashindano ya watu wengine. Tunauza madereva.

Lakini mfano ninaoupenda ni Johannesburg. Nao walipewa Kombe la Dunia, la 2010, nao waliamua kujenga njia ya mabasi yaendayo haraka, Rea Vaya, ianzie Soweto, mtaa ambao kihistoria ni binamu wa Eastlands. Mabasi yalikuwa Scania ya Uswidi, mabodi ya Marcopolo ya Brazil. Ugeni mtupu, kama kwetu. Yalianza kutembea mwisho wa Agosti 2009, na siku chache tu baadaye basi moja likapigwa risasi Soweto, watu wakajeruhiwa. Wenye teksi, yaani wenye matatu wa kule, waliona wanazikwa wakiwa hai. Njia ile ilikuwa riziki yao tangu enzi za ubaguzi, waliijenga wenyewe wakati serikali haikuwajali, na sasa mpira unakuja wanaambiwa wapishe.

Kilichofuata ndicho hawakukiweka kwenye matangazo ya Kombe. Walikaa mezani. Si wiki moja, ni mazungumzo marefu yenye kelele, watu wakitoka na kurudi. Mwishowe, 2011, kampuni ya kuendesha mabasi yale iliundwa, ikaitwa PioTrans, na wenye hisa wakawa ni wale wenye teksi walioondoa magari yao barabarani. Zaidi ya teksi 500 ziliondolewa. Sisemi mambo yakawa asali. Kumekuwa na migomo, kumekuwa na hasara. Lakini mtu aliyekuwa na teksi moja Soweto ana karatasi inayosema sehemu ya basi hili ni yako. Kombe likaisha, karatasi ikabaki.

Karibu zaidi na sisi, Dar es Salaam ilianza mwendokasi Mei 2016. Haikuwa kwa ajili ya mashindano yoyote, ila dawa ni ile ile: mkopo wa Benki ya Dunia, barabara imejengwa na Strabag ya Austria, mabasi 140 ya Golden Dragon kutoka China, na daladala zikaondolewa kwenye njia ile. Nilipanda kutoka Kimara hadi Kivukoni na nilifurahi kama mtoto, lazima niseme. Pia nilisubiri sana kuingia, nikabanwa kama dagaa, na mvua ikinyesha kule Jangwani watu wanajua cha kutarajia, maana karakana ya mabasi iliwekwa bondeni, kwenye njia ya maji. Mhandisi wa Ulaya akiondoka, maji hayaondoki naye.

Turudi Nairobi. Tarehe 27 Septemba 2023 tulipewa AFCON ya 2027 pamoja na Uganda na Tanzania. Agosti 2025 tukafanya mazoezi na CHAN, na jamani, wacha niseme ukweli, ilikuwa raha. Tuliwafunga Kongo, tukawafunga Morocco, tukawafunga Zambia, halafu Madagaska wakatutoa kwa penalti. Kila siku ya mechi Thika Road ilisimama. Watu waliteremka kwenye matatu Roysambu wakatembea. Barabara ile, mkumbuke, ni ile superhighway iliyojengwa 2009 hadi 2012 na kampuni tatu za Kichina, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na Exim Bank ya China, ikapita karibu kabisa na Kasarani. Ina leni mpaka unachoka kuhesabu. Na bado watu 60,000 wakiitwa mahali pamoja saa moja hawafiki, kwa sababu leni hazibebi watu. Magari ndiyo yanayobeba, na gari la watu 14 au 33 linajaza leni haraka sana.

Dawa ya hilo tuliipaka rangi zamani. Ndiyo, kupaka rangi. 2018 tuliamka tukakuta mstari mwekundu umechorwa Thika Road, tukaambiwa hiyo ndiyo njia ya mabasi ya haraka. Mabasi yangetoka Afrika Kusini, wenye viwanda vya mabodi vya hapa wakalalamika kwa nini kazi isibaki nyumbani, na walikuwa na haki. Mabasi hayakuja. Mstari ukafutika na mvua na matairi. Baadaye vituo vikaanza kujengwa katikati ya barabara, vikasimama nusu, vyuma vikichungulia.

Kwenye ramani, hata hivyo, tuko vizuri mno. Mamlaka ya uchukuzi wa jiji, NaMATA, iliyoundwa 2017, ina njia tano zenye majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru, Nyati. Chui, unaotoka Dandora, unafadhiliwa na fedha za Ulaya, kupitia Umoja wa Ulaya, benki yake ya uwekezaji na shirika la maendeleo la Ufaransa. Nyati una mkopo wa Korea. Unaona mchezo? Kila mnyama ana mfugaji wake ng'ambo. Kifaru, unaotoka upande wa Mama Lucy na Donholm kuja mjini, ndio wetu sisi wa Jogoo Road, na mpaka sasa ni kifaru cha karatasi. Eastlands yenye abiria wengi kuliko kona yoyote ya jiji inasubiri mnyama wake apate mtu wa kumlisha.

Uwanja wenyewe, kwa upande mwingine, unapaa. Talanta unajengwa na China Road and Bridge Corporation, watu 60,000, na pesa zimetafutwa kwa bondi ya karibu bilioni 45 iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Nairobi Julai 2025, riba asilimia 15.04 bila kodi. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyojenga Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022, na kampuni dada yake ndiyo inayokusanya ushuru kule juu kwa karibu miongo mitatu. Kwa hivyo kuna uwezekano kamili kwamba shabiki tajiri atatoka uwanja wa ndege, apande barabara ya CRBC, alipe CRBC, afike kwenye uwanja uliojengwa na CRBC. Sina ugomvi nao. Wamejenga, na zege lao halijaanguka. Nasema tu kwamba safari nzima ina mwenyewe mmoja, na si mimi wala wewe.

Hapa ndipo ninapoitetea matatu, najua nitatukanwa. Nayo imejaa ugeni. Chasi ni ya Isuzu, injini ni ya Kijapani, skrini ni za Kichina, jina limeandikwa Kimarekani. Lakini ukiiangalia vizuri: bodi imechomelewa hapa na mafundi wetu, grafiti imechorwa na kijana wa Umoja, mwenye gari anaishi Kayole, mkopo ni wa sacco, dereva na makanga wanalala mtaani. Mgeni anatuuzia kipande, halafu sisi tunamiliki kitu kizima. Kwenye mradi wa mashindano mambo hugeuka: mgeni anatuuzia kitu kizima, na sisi tunaachiwa kipande. Tunaachiwa kazi ya kuvaa koti la rangi na kuelekeza watu.

Na si kweli kwamba mgeni mwenye pesa nyingi hushinda kila mara. Mnaikumbuka BebaPay? 2013 Google, ndio, Google yenyewe, pamoja na Equity Bank, walikuja na kadi ya nauli. Serikali ikaweka sheria ya kulipa bila keshi kuanzia 2014. Kila kitu kilikuwa tayari: teknolojia, benki, sheria. Kikasahaulika kitu kimoja. Makanga analipa watu njiani, wa steji, wa kujaza gari, na yule mwingine anayesimama kwenye makutano, na wote hao hawapokei kadi. 2015 BebaPay ikafungwa. Walisoma soko, hawakusoma steji. Linganisha na BasiGo, waliotua hapa na mabasi ya umeme ya muundo wa Kichina lakini wakaanza kuyaunganisha Thika na kumkodishia mwenye sacco kwa kilomita. Hao angalau waliuliza mwenye gari anapataje pesa yake.

Nilisema uweke kitu mfukoni. Nyumba za Makongeni hazikuwa zetu, zilikuwa za reli, na baadaye zikawa mali ya mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, zaidi ya ekari 130 kando ya Jogoo Road. Mwaka wa 2025 wapangaji walianza kulipwa shilingi 150,000 kila nyumba wahame, nyumba za bei nafuu zijengwe. Wengine walifurahia ile ganji. Wengine walikuwa wamezaliwa pale, na wazazi wao pia. Familia ya shangazi yangu ilienda Utawala, nyingine Ruai, nyingine ikarudi Busia. Hawakufukuzwa na AFCON, tusichanganye mambo. Lakini mpangilio ni ule ule: ardhi iliyo karibu na reli na barabara kuu inapanda thamani kila mradi unapotajwa, na aliyekaa hapo kwa sababu ya kazi ya babu hana cheti cha kuonyesha. Siku Kifaru atakapopita Jogoo Road, kituo kitakuwa mlangoni kwa watu wengine.

Mwezi uliopita nilienda kumwona mwenyekiti wa sacco moja inayotumia barabara yetu. Mzee wa heshima, ana gari tatu, moja bado ina mkopo. Nilimuuliza kama wamewahi kuitwa kuzungumzia mabasi ya haraka. Akasema wameitwa, wamekunywa chai na maji ya chupa hotelini, wameonyeshwa picha za Bogotá. Nikamuuliza kama kuna karatasi yoyote inayosema wenye magari watapata hisa ngapi. Akanitazama.

"Hisa ya nini, mwanangu?"

Nikamweleza kuhusu Soweto, kuhusu PioTrans, teksi zaidi ya 500, mazungumzo yale marefu. Alisikiliza bila kunikatiza, akavua miwani, akamwita katibu wake kutoka chumba cha pili aje na daftari.

"Anza tena," akaniambia. "Pole pole. Na hao walianza kuuliza hisa kabla basi halijafika, ama baada?"

Baada, nikamwambia. Baada, na kwa shida.

Katibu akaandika.